Bolti inapita juu ya risasi: usianze na tupa

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Tabora, msaidizi katika kitalu cha uwindaji wa kitalii, ambaye anajiandaa kuwa mwindaji bingwa. Anaandika: "Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia bunduki ya kuwindia, Brno ZKK 602 ya risasi za .375 H&H, na taratibu za umiliki nimeshazikamilisha. Nikikoki polepole, yaani nikivuta na kusukuma bolti (chuma cha mkono kinachoingiza risasi), risasi zote zinaingia. Nikiharakisha, mara bolti inapita juu ya risasi na kufunga chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) ikiwa tupu, mara risasi ya mwisho inanyanyua pua na kukwama juu ya mdomo wa chemba. Rafiki yangu mwenye karakana ya kuchomelea anasema midomo ya magazini (kingo za juu zinazozuia risasi zisiruke nje) imebana, tuipanue kidogo kwa tupa. Nishauri kabla hatujagusa."

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo la maana kuuliza mapema, kwa sababu ushauri wa rafiki yako ungeiharibu bunduki ya baba yako na ugonjwa ungebaki palepale, tena ungezidi. Dalili ulizonieleza ni mbili lakini naona chanzo kimoja: sehemu ya nyuma ya risasi haiwahi kupanda juu kabla bolti haijafika. Ikichelewa sana, bolti inaipita kabisa na unafunga chemba tupu. Ikichelewa kidogo, uso wa bolti haushiki ukingo wa ganda ipasavyo, unalikandamiza ganda kwa nyuma, na pua inanyanyuka. Ndiyo maana ukikoki polepole hakuna shida: risasi inapata muda wa kupanda. Midomo iliyobana ina dalili nyingine. Bolti huwa nzito, risasi inagoma kutoka, na ganda linatoka na mikwaruzo mirefu ubavuni. Hujanieleza hata moja kati ya hizo.

Nieleze kwanza bunduki yenyewe inavyofanya kazi, maana ukiielewa utajua pa kuangalia. ZKK 602 ilitengenezwa Uherský Brod, Chekoslovakia ya wakati ule, na asili yake ni bunduki ya Kijerumani, Mauser ya mwaka 1898. Ubavuni mwa bolti kuna ukucha mrefu wa chuma ambao hauzunguki na bolti. Risasi inapotoka kwenye magazini huwa inapanda, na ikipanda ukingo wa ganda unateleza chini ya ukucha huo. Kwa hiyo kabla hata risasi haijaingia nusu ndani ya chemba, bolti imeshaishika. Ukibadili mawazo katikati ya safari ukairudisha bolti nyuma, risasi inatoka nayo na kutupwa nje. Bunduki za mfumo wa kusukuma, kama Remington 700 ya mwaka 1962, zinaisukuma risasi mbele bila kuishika, na ukucha unaruka juu ya ukingo wa ganda mwishoni, bolti inapofika uso kwa uso na chemba. Hapo mtu mwenye hofu akisukuma risasi, akasita, akarudisha bolti na kusukuma tena, anaweza kuiacha ya kwanza ndani ya chemba na kuigonga kwa ya pili. Kampuni ya Winchester ilipouacha ukucha mrefu kwenye bunduki yake ya Model 70 mwaka 1964, wawindaji wa wanyama hatari walilalamika kwa miaka mingi mpaka ukarudishwa.

Uzuri huo una sharti lake. Mfumo wa Mauser unategemea risasi ipande kwa wakati wake, kwa pembe yake, ikisukumwa kutoka chini na springi yenye nguvu inayofaa. Ukipanua midomo, risasi itaachiwa mapema zaidi, kabla ukucha haujaishika, na hiyo yako ya mwisho itaruka nje kabisa. Chuma kilichotoka kwa tupa hakirudi. Na usikubali mtu akuambie atarudishia kwa kuchomelea: mwili wa bunduki umepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa kiwandani, na joto la kuchomelea karibu na sehemu zinazofunga bolti linaweza kuuondoa ugumu huo pale pale unapobeba nguvu yote ya mlipuko.

Sasa tuitafute shida. Kwanza kabisa, vipimo vyote hivi havifanywi kwa risasi hai. Sisemi hivi kutimiza desturi. Unapokoki kwa kasi mara nyingi ndani ya chumba, siku moja kidole kitakuwa mahali pabaya. Tafuta risasi bandia zilizotengenezwa kwa ganda halisi na kichwa halisi (kile kinachoruka kutoka mtutuni), bila baruti na bila fataki (kiwashio cha nyuma ya ganda), zenye urefu uleule wa risasi unazowindia. Zitobolewe tundu ubavuni ili kila anayeziona ajue ni tupu. Zile za plastiki zinazouzwa kwa mazoezi ya kifyatulio hazifai kwa kazi hii, kwa sababu umbo lake mara nyingi si la risasi ya kweli. Risasi hai zibaki chumba kingine. Toa bolti, chungulia mtutu mpaka uone mwanga upande wa pili, ndipo uanze.

Jaribio la kwanza litatenganisha mkono na chuma. Weka bunduki kwenye jiliwa (kibanio cha mezani) lenye ngozi au mpira, au mtu aishikilie juu ya mifuko ya mchanga, na ujaze risasi bandia. Vuta bolti kwa nguvu hadi igonge kizuizi chake nyuma, kisha isukume kwa kasi bila kusita. Rudia magazini nzima mara kadhaa. Kisha ichukue begani, lenga kitu ukutani, ukoki kwa kasi unayotumia porini bila kuishusha bunduki, na mwenzako akae pembeni aangalie bolti inarudi hadi wapi.

Kama kwenye jiliwa inakubali na begani inakataa, tatizo ni safari fupi ya bolti, na hili limeenea kuliko watu wanavyokiri. Risasi ya .375 H&H ina urefu wa milimita 91.4, wakati ya .30-06 ina 84.8. Aliyezoea bunduki ya .30-06, au fupi zaidi, mkono wake umejifunza kurudi mapema. Anaona ganda limeruka nje, ubongo unamwambia kazi imekwisha, anasukuma. Lakini ganda tupu ni fupi kuliko risasi kamili, hivyo linaweza kutoka vizuri kabla uso wa bolti haujarudi nyuma ya ukingo wa risasi inayofuata. Bolti ikisukumwa kutoka hapo inapita juu. Darubini iliyofungwa nyuma mno huongeza tatizo, maana mtu anaogopa kujigonga kidole gumba au anavuta bolti kwa woga usoni. Dawa yake ni mazoezi ya risasi bandia, begani, kila siku kidogo, ukisikiliza mlio wa bolti ikigonga kizuizi. Usipousikia, hujavuta. Hakikisha pia kizuizi chenyewe hakijalegea wala kukwama ndani.

Kama hata kwenye jiliwa inakataa, basi fungua mlango wa chini wa magazini, na hapa ndipo ningeweka dau langu kwa bunduki ya umri huo. Springi ya magazini iliyokaa na risasi miaka mingi huchoka. Funga mlango, weka risasi bandia moja tu, kisha iguse kwa kidole: ikandamize nyuma hadi chini, achia. Ikandamize mbele, achia. Inatakiwa irudi juu papo hapo na kugonga midomo kwa sauti unayoisikia. Ikipanda kivivu upande wa nyuma, au ikabaki imeinamisha nyuma na kuinua pua, umeshampata mwizi wako. Risasi ya mwisho huonyesha uchovu wa springi kuliko zote kwa sababu wakati huo springi imeshanyooka karibu mwisho wa nguvu yake. Zile za juu zinasaidiwa na springi iliyobanwa zaidi.

Wengi huivuta springi kwa mikono ili irefuke. Itakusaidia wiki chache na itapinda vibaya, isukume upande mmoja kuliko mwingine. Nunua springi mpya ya ZKK 602 au ya CZ 550 Magnum, bunduki iliyoirithi, lakini mwombe fundi ailinganishe na ya zamani kwa upana na kwa umbo kabla hujalipa. Zingatia pia jinsi inavyorudishwa. Katika bunduki nyingi za ukoo wa Mauser ncha mbili za springi hazifanani: moja imekusudiwa mlango wa chini, nyingine kibao kinachobeba risasi. Nimeshapokea bunduki zilizotembezwa kwa mafundi kadhaa na kusagwa mteremko wa kupandia risasi, kumbe mtu aliyezisafisha aliirudisha springi kinyume. Usiikubali springi ngumu kupita kiasi pia. Hiyo huibana risasi ya kwanza mpaka bolti inakuwa nzito ukiwa umejaza magazini, na kwenye risasi ya mwisho hurusha kwa nguvu.

Kabla ya kununua chochote, safisha. Bunduki inayosafiri kwenye Land Cruiser wazi miezi ya kiangazi hukusanya vumbi jekundu, na vumbi likikutana na mafuta mengi linageuka tope la kusagia. Nimekuta magazini ambazo kibao kimegandia kwenye tope hilo. Ipanguswe kwa mafuta ya taa, ikaushwe kabisa, na ndani ya boksi la magazini uache ukungu tu wa mafuta mepesi, uliopakwa kwa kitambaa. Kisha kandamiza kibao bila risasi, mbele, nyuma, kulia na kushoto, na ukiachie polepole. Kikikwaruza au kikisita mahali, tafuta kibonyeo kwenye ukuta wa boksi.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazuri hulipita. Boksi la magazini likiwa ni bati tofauti, linakaa kati ya mwili wa bunduki juu na chuma kinachokinga kifyatulio chini. Linatakiwa liwe na uhuru kidogo sana wa kucheza juu na chini. Bunduki ya .375 inapiga teke kali, mbao za kitako zinabonyea taratibu, mwenye bunduki anakaza skrubu kila msimu, na baada ya miaka vyuma viwili vimelibana boksi mpaka limejipinda ubavuni. Mvua za masika nazo huvimbisha kitako kisichopakwa mafuta ndani. Jaribio lake ni jepesi: legeza skrubu mbili kubwa za chini kiasi cha nusu mzunguko, jaribu tena kwa risasi bandia tu. Kama ulishaji umekuwa laini ghafla, umejua. Kisha zikaze tena, maana bunduki yenye skrubu zilizolegea haipigwi. Suluhisho la kudumu ni fundi kuweka nguzo za chuma au gundi maalumu ndani ya kitako ili mbao zisibonyee tena. Kupunguza urefu wa boksi kwa tupa huwa ni hatua ya mwisho, na inafanywa kwa kipimo.

Umesema risasi ya mwisho, kwa hiyo kitazame kibao chenyewe. Upande mmoja una mgongo ulioinuka, ili risasi zipangike kwa zamu kulia na kushoto. Mgongo huo ukiwa umepondeka, au mtu akiwa ameusaga, ni risasi ya mwisho ndiyo inayodhurika, kwa sababu ndiyo pekee inayokaa moja kwa moja juu ya kibao. Kwenye bunduki za kijeshi za Mauser nyuma ya mgongo huo ilikuwa wima ili bolti isiweze kufungwa magazini ikiwa tupu, askari ajue risasi zimekwisha. Kwenye za kuwindia husagwa mshazari. Ukikutana na bunduki ya zamani inayokataa kufunga ikiwa tupu, usiihesabu kuwa mbovu.

Sasa risasi zenyewe. Niandikie kichwa unachotumia ni cha aina gani, maana hukusema. .375 H&H ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na ganda lake lina mteremko mrefu na bega (mahali ganda linapobanwa kuelekea kichwani) lililolala. Umbo hilo linaingia chembani kwa urahisi mkubwa, na ni sababu mojawapo ya kupendwa kwake Afrika hii. Lakini urahisi huo hupungua ukiweka kichwa kigumu chenye uso bapa. Uso bapa unaweza kung'ang'ania kingo ya mdomo wa chemba mahali ambapo kichwa cha duara kingeteleza. Kama risasi zako laini zinaingia na ngumu ndizo zinazokwama, bunduki yako haina kosa, na ni rahisi kubadili risasi kuliko kubadili chuma. Angalia pia zilizobaki chini ya magazini baada ya kupiga kadhaa. Bunduki inaporuka nyuma, risasi zinagongwa pua na ukuta wa mbele wa boksi. Risasi laini hupondeka pua, na kichwa ambacho hakikubanwa vizuri kwenye ganda kinaweza kusukumwa ndani. Chora mstari kwa kalamu mahali kichwa kinapokutana na ganda kabla ya kupiga. Mstari ukipotea ndani ya ganda, risasi hiyo usiipige, kwa sababu shinikizo lake limepanda.

Na kama unabeba risasi kwenye mkanda wa ngozi wa baba, zitoe humo leo. Kemikali za kusindikia ngozi hula shaba, zinaota kutu ya kijani, na ganda lenye kutu hiyo linaburuza kwenye midomo, linasita chini ya ukucha, na linagandia chembani. Mkanda wa turubai au nailoni ni salama zaidi.

Narudi kwenye midomo ya magazini, nikueleze kwa nini naizuia tupa kwa ukali hivi. Upana wa magazini ya Mauser ni hesabu. Risasi zinapopangwa kwa zamu, ukiziangalia kwa nyuma, vituo vya risasi tatu jirani vinaunda pembetatu yenye pande sawa. Kutokana na hilo upana wa ndani wa boksi ni kipenyo cha risasi ukizidisha kwa 1.866. Pete nene iliyo nyuma ya ganda la .375 ina kipenyo cha milimita 13.5, kwa hiyo nyuma boksi linataka karibu milimita 25.2. Kwenye bega ganda lina karibu milimita 11.4, kwa hiyo hapo panatakiwa karibu 21.3. Boksi likiwa pana kupita hapo, risasi zinazama ubavu kwa ubavu na haziinuani. Likiwa jembamba, zinapanda juu ya mgongo mmoja kama mnara na kubana. Midomo nayo imekatwa kwa hesabu hiyohiyo, ikiachia risasi mahali ukucha unapokuwa tayari kuipokea. Yako ilitoka kiwandani ikiwa ya .375 na ilimlisha baba yako miaka yote hiyo. Hesabu haikubadilika usiku mmoja.

Zipo bunduki ambazo midomo ndiyo tatizo kweli. Ni zile Mauser za risasi za 8x57 au .30-06, zenye magazini ya risasi za milimita 12 nyuma, zilizobadilishwa mtutu kuwa .458 Winchester Magnum au .375. Kwenye hizo kuna kazi ya kukata, na kwa .375 aliyezigeuza alilazimika kurefusha magazini mbele kwa kula mteremko ulio nyuma ya mahali meno ya bolti (vinundu vinavyoifunga bolti wakati wa kupiga) yanapofungia. Wengine walikula kupita kiasi. Ukiuziwa bunduki ya namna hiyo, ipeleke kwa fundi bingwa kabla hujaipiga hata risasi moja.

Kuhusu ukucha: safisha chini yake, tope hujificha hapo. Telezesha ukingo wa risasi bandia chini yake kwa mkono, bolti ikiwa nje. Inatakiwa iingie kwa msukumo wa wastani na ibaki imeshikwa ukiinamisha bolti. Ikigoma kabisa, tafuta kijichuma kilichochomoza kwenye kingo. Na uache tabia ya kudondosha risasi moja kwa moja chembani kisha kuifungia bolti. Ukucha wa asili wa Mauser haukukusudiwa kurukia ukingo wa ganda, na hata ule uliosagwa mshazari kuruhusu hilo unaumizwa nalo. Risasi zote zipitie magazini.

Kitu pekee ninachokuruhusu kukifanya kwenye chuma ni kung'arisha: msasa laini wa namba 600 uliozungushiwa kijiti kigumu, na mafuta, juu ya mteremko wa kupandia na chini ya midomo, mpaka kucha yako isisikie mikwaruzo. Hubadili pembe wala huondoi kingo. Mashine ndogo ya kusagia isiwepo mezani. Yanayozidi hapo ni ya fundi mwenye leseni, na hilo ni matakwa ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Rafiki yako wa karakana, hata awe hodari vipi kwenye mageti, anaweza kukuingiza kwenye kesi na kibali chako kikapotea.

Ukishapata dawa, ipime kwa haki. Risasi bandia kwanza: magazini nzima, kwa kasi, begani, ukiwa umesimama, umechuchumaa, bunduki ikiwa imelala ubavu, na mtutu ukiangalia juu kisha chini. Risasi ya mwisho ipewe uzito wa pekee: magazini ikiwa na moja tu, rudia tena na tena. Kisha nenda uwanja wa shabaha na risasi halisi utakazowindia, kwa sababu teke la bunduki huvuruga mpangilio ndani ya boksi kwa namna ambayo risasi bandia haiwezi kuonyesha. Piga magazini nzima kwa mfululizo wa haraka, uache bunduki ipoe, urudie. Ikipita mara moja upande wa jiliwa lakini ikakwama hata mara moja uwanjani, usiende nayo kwa mbogo. Mweleze kiongozi wako kambini wazi, uombe bunduki ya kampuni kwa msimu huu, na hii ibaki kwa fundi mpaka sababu ipatikane. Nitumie picha ya kibao, ya springi ikiwa nje, na ya ganda lililokwama, pamoja na jina la risasi unazotumia.